Boriti za Dari ya Mama Yako

Ipyana, Kyela

Mpwa wangu Tusajigwe,

Ndaga, asante kwa salamu zako. Kakao imezaa, ila maji ya mvua yameingia tena nyumbani kwenu. Usihofu, mjomba wako nimemjengea mama yako dari ya mbao, alale juu ya maji. Boriti za kushikilia sakafu nilizibeba peke yangu toka Katumba Songwe, mpaka mamba akanipisha njia! Hata ukipandisha ng'ombe, haitikisiki.

Mama yako akacheka, "Kaka, kwa maneno hujambo!" Lakini ngazi ilimshinda, nikambeba mgongoni. Tusa, boriti moja tu ilinipinda mgongo. Yeye nilimbeba kama nimebeba nguo zake tupu. Amenikataza nisikuambie. Njoo, Tusa.

Mjomba wako mwenye nguvu zake,
Asajile