Nilimwambia daktari niko salama

Jumatano, tarehe 12 Februari. Mwaka mmoja, miezi saba na siku nne tangu nitoke Bukavu.

Upepo umepiga tangu asubuhi na plastiki za mashamba zinalia kama mabati ya kwetu wakati wa mvua. Ni saa nane mchana, siku ya kazi, na mimi nimekaa kitandani. Nina hasira. Naandika ili nisivunje kitu.

Kwa asiyenijua: hapa Hispania nafanya kazi ndani ya nyumba za plastiki, tunakolima nyanya. Mwezi wa kumi, msimamizi wetu, tunayemwita kapita, alinipa pompi ya mgongoni nipulizie dawa ya wadudu. Barakoa yenyewe ni ya karatasi, inalowa kabla saa moja haijaisha. Tangu Noeli kifua kinanibana. Nikilala chali natoa mluzi kama birika. Kwa daktari nilitaka kitu kimoja tu: karatasi iseme huyu mtu asishike dawa. Bila karatasi, kapita hasikii.

Miadi ilikuwa ya kungoja wiki tatu. Mimi niliacha shule darasa la sita. Kispaniola changu ni cha shamba: leta, beba, haraka. Basi tonton Déo, mzee wa Minova ninayekaa naye chumba kimoja, ambaye ana miaka tisa huku, akanifundisha maneno ya ugonjwa. Niliyaandika kwenye kipande cha katoni ya nyanya nikakibandika ukutani. Me duele, inaniuma. Pecho, kifua. Tos, kikohozi. No puedo respirar, siwezi kupumua. Veneno, sumu.

Nilikuwa nayakariri nikivuna, kama mtoto wa katekisimu. Tonton Déo alikuwa ananishtua hata nikiosha sufuria.

"Kifua?"

"Pecho!"

"Kikohozi?"

"Tos!"

"Bon. Na kufa?"

Nikaacha kusugua sufuria.

"Ile sikufundishi. Ukifika pale, watakuelewa bila kusema."

Tulicheka sana siku ile.

Jumatatu nikaenda. Nilivaa shati la Misa.

Daktari ni mwanamke, umri wa dada yangu mkubwa. Alisimama, akanipa mkono, akaniuliza naendeleaje. Nami nikafanya kile mama yangu alichonifundisha. Nilivua kofia. Nikasema niko salama kabisa, asante, na wewe je? Na familia? Na kazi? Yote kwa Kispaniola, bila kukosea hata neno moja. Alifurahi. Akasema familia yake iko salama. Akaandika kitu.

Kwetu huwezi kuingia kwa mtu ukaanza na kifua chako. Unasalimia, unasema yote ni mazima hata kama umeletwa kwenye machela. Mnakaa. Halafu mwenye mahali ndiye anakuuliza: sasa, nini kilikuleta? Mimi nilikuwa nangoja swali hilo. Halikuja. Kumbe kwake lile la mlangoni ndilo lilikuwa swali lenyewe, na mimi nilikuwa nimeshalijibu.

Aliniuliza kama kuna mahali panauma. Nikasema kidogo. Hata hilo nililelewa nalo: mbele ya mgeni maumivu ni kidogo. Akaweka kile chombo cha kusikilizia mgongoni, akaniambia nivute pumzi. Nikavuta huku najikaza nisimkoholee.

Nilikwenda kuonyesha kikohozi, nikakificha kama mwizi.

Dakika nane. Akanipa vidonge vya maumivu na karatasi.

Maneno yalinirudia nikiwa kwenye korido. Yote. Nilisimama pale nikiyasema peke yangu kwa sauti, na mlango ulikuwa umefungwa, mgonjwa mwingine ameshaingia.

Tonton Déo alinisomea karatasi. Inasema naweza kufanya kazi yoyote, bila kizuizi.

"Wee Papa Furaha," akasema, "ulienda kuona docteur ao ulienda kumutembelea? Uliuliza habari ya bwana yake?"

"Niliuliza habari ya familia."

"Na mbuzi zake? Ziko aje?"

Sikucheka. Alipoona sicheki akaikunja karatasi polepole. "Kosa iko yangu," akasema. "Nilikupa maneno, sikukuambia utaanza na gani."

Nina hasira na yule daktari, aliyemwona mtu amekonda hivi akaamini mdomo wake. Nina hasira na kapita, ambaye hajawahi kuvaa ile pompi hata mara moja. Lakini zaidi nina hasira na mimi. Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, nimeuza kifua changu nipate kuitwa mtu mwenye adabu.

Na kuna hili, ambalo naona haya kuliandika. Jumatatu ileile mke wangu alinipigia kutoka Nyalukemba, kwetu Bukavu. Docteur alisema aje? Nikamwambia alisema niko bien. Jana aliniletea habari kwamba wamama wa shirika, kile kikundi chao cha sala, wameimba na kushukuru.

Wameshukuru Mungu kwa kifua hiki.

Leo asubuhi kapita amenipa pompi. Nimeiweka chini. Amesema karatasi inasema naweza. Nimemwambia me duele el pecho, mbele ya watu wote, bila kumsalimia. Amenitazama kama mbuzi aliyesema. Kisha amesema niende nyumbani, nirudi na karatasi nyingine au nisirudi.

Nimetembea moja kwa moja hadi kliniki. Dada wa dirishani amenisalimia, salamu yake nimeiacha hewani. Me duele el pecho. No puedo respirar. Veneno. Nimejisikia kama mtu asiyezaliwa na mama. Ameacha kuandika, akaniangalia vizuri, akaniuliza tangu lini. Nimepewa Ijumaa, saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Ijumaa nitasema kabla sijakaa. Akinipa mkono nitaushika, lakini mdomo utasema kifua. Nikitaka kukohoa nitakohoa, hata iwe juu ya meza yake. Familia yake nitaiulizia nikiwa na karatasi mkononi.

Mama Furaha, nakupigia sasa hivi kukuambia ukweli, na nakuandikia hapa pia ili nisiweze kuufuta. Waambie wamama waanze sala upya. Usiniombe nije kesho, mkataba unaisha mwezi wa sita. Nitavuka mto Ruzizi mwezi wa saba, katikati ya kipwa, kiangazi cha kwetu, barabara zikiwa kavu, na valizi yangu ya nguo nitaibeba mwenyewe mpaka mlangoni. Hapo ndipo nitakuambia niko salama, na hapo uniamini.