Chupa ya Kitaliano na Uongo wa Zamu

Jumamosi, 20 Desemba
Nimefua mapazia. Nimesugua jiko mpaka kucha zimeisha. Majirani hapa Bunga wanafunga mizigo ya kijijini, kila mtu na gunia lake. Sisi hatuendi. Miaka tisa ya ndoa, na kila Krismasi ama Ojok yuko zamu, maana polisi hawana sikukuu, ama tuko kwao Gulu nikipikia watu thelathini. Mwaka huu amepata likizo. Nataka siku moja tu. Sisi wawili, nyumbani, mlango umefungwa.

Nikitoka kazini Nakawa nilinunua chupa ya Prosecco, mvinyo wa Kitaliano wenye mapovu. Si ghali, haifiki hata bei ya kreti ya bia. Lebo inasema ni mkavu, yaani hauna utamu. Msichana wa duka anaapa una utamu kidogo. Tutaona nani mwongo.

Jumapili, 21 Desemba
Mama mkwe alipiga simu baada ya ibada. Tunafika lini? Nikamwambia Ojok yuko zamu tarehe ishirini na tano. Ulinitoka tu, laini. Ni uongo ambao kila mke wa polisi anao mkobani na hakuna anayeuhoji. Akasema sawa.

Ojok alikuwa pale pale kwenye kochi, miguu juu ya meza. Hakupenda. Hakusema kitu pia. Mwoga kama mimi.

Jumatatu, 22 Desemba
Nimelala vizuri. Sioni haya hata kidogo.

Nimeazima glasi mbili ndefu kwa jirani, Mama Brenda. Akauliza nani anaoa. Hapa chupa ya mapovu hufunguliwa penye keki na mshereheshaji tu. Nikamwambia ni mimi, naolewa upya na yule yule. Alicheka mpaka akaketi.

Jumanne, 23 Desemba
Balaa. Simu asubuhi mapema: mama mkwe yuko kwenye basi, ameshavuka daraja la Karuma. “Mimi nakuja kukaa na wewe. Bwana iko zamu, wewe nakaa peke yako kama kuku mgonjwa? Hapana.” Kiswahili chake ni cha kambini, alikipata akiwa mke wa mwanajeshi. Ndiyo lugha yetu mimi na yeye. Mimi Mtaita wa Voi, Kiacholi kimenishinda.

Ojok alisema nimwambie ukweli. Nikasema ni mama yake, amwambie yeye. Tukavutana hadi chai ikapoa. Mwishowe akaja na wazo: siku ya Krismasi avae sare, atoke asubuhi, ajifiche kwa rafiki yake mpaka jioni. Mtu mzima, sajini mzima! Na mimi nikakubali. Nilidanganya ili nimpate siku moja, sasa uongo wenyewe unamtoa nyumbani. Najichukia.

Amefika saa nane na kuku wawili hai na kopo la simsim, ufuta wa kusaga. Ameniletea mimi, si mwanawe.

Jumatano, 24 Desemba
Mama mkwe ameokoka, pombe haigusi. Leo amefungua friji akaiona chupa. Nikasema ni zawadi ya ofisini. Uongo unazaa kama panya.

Adhuhuri Ojok alikuwa anapiga pasi sare yake ya kuigizia. Mama akamnyang’anya pasi. Akawa ananyoosha kola huku ananiongelesha, bila kuinua macho. “Mimi nakula Krismasi kumi na moja peke yangu kambini. Naweka sahani mbili. Mwaka moja nalia mpaka wali nachomeka. Hakuna mtu nakuja. Ndiyo maana mimi napanda basi.”

Nikaenda bafuni, nikafungulia maji, nikalia. Kisha nikatoka nikamwambia yote. Hakuna zamu. Hapakuwa na zamu. Chupa ni yangu.

Aliweka pasi chini taratibu. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Chakula hakula.

Alhamisi, 25 Desemba
Tulipoamka alikuwa ametoka na Biblia yake. Alimwachia Mama Brenda ujumbe: anaenda kanisani, halafu kwa binamu yake Bwaise, tusimngoje. Simu ameizima.

Basi tukabaki wawili, mlango umefungwa. Nilichokitaka.

Nilikaanga samaki wa ziwani kutoka Ggaba. Saa saba tulifungua chupa. Mvinyo mzuri, sitauonea: baridi, una harufu ya matunda, unatekenya ulimi. Una utamu kidogo kweli. Ojok akasema Krismasi njema, mke wangu. Nikatazama geti. Naye akatazama geti. Tulikunywa glasi moja moja, tukafunika samaki, tukachukua boda kwenda Bwaise.

Binamu alikuwa ameenda kijijini kama watu wote. Mlango una kufuli. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye ngazi, gauni la kanisani, mkoba mapajani, anakula chapati kavu. Alikuwa pale tangu saa ngapi, sijui.

Nilipiga magoti. Hakuniambia niinuke, hakuniambia nibaki. Akamwangalia Ojok. “Mnamaliza pombe yenu?” Ojok akasema bado. Mama akakung’uta makombo, akasimama. “Mimi nasikia njaa.”

Nyumbani alikula samaki wawili. Sisi tulimaliza chupa mbele yake, yeye na soda yake.

Ijumaa, 26 Desemba
Manyunyu tangu asubuhi. Nimepika uji wa mtama, mama mkwe akanywa. Akasema anarudi Gulu kesho.

Nikamwomba akae mpaka mwaka mpya. Nikamwambia si kwa adabu, nataka akae. Alinitazama usoni muda mrefu, anapima kama nasema kweli. Stahili yangu. Akasema atafikiri.

Mchana nimemwona uani. Amefua nguo zake zote, hata gauni la kanisani, amezianika chini ya kibaraza. Kwa hewa hii hazikauki kabla ya Jumapili.