Kichwa cha Sato

Dada Tumaini, shikamoo. Upepo wa ziwa unaninyang'anya kadi hii, kwa hiyo nakwambia moja tu.

Jana tulivuka kwa feri hadi Kamanga, Magesa akanitambulisha kwa mama yake. Minofu ya sangara siku hizi inapanda ndege kwenda Ulaya; mimi nilipewa sato mzima, mtamu ajabu, kwa ugali wa muhogo. Nikamaliza nyama, kichwa nikakisukuma pembeni. Mama yake Magesa akakirudisha mbele yangu.

"Binti, kichwa ni cha mgeni. Unamwachia nani?"

Nikaona uchumba wangu umeishia pale. Nikakishika kwa mikono miwili, nikakifyonza mpaka macho. Mama akacheka akishika mbavu.

"Polepole, mkwe, usije ukakwamwa na mfupa!"

Ameniita mkwe, dada! Mwambie mama yetu, ila kwa upole.

Nawapenda,
Rehema