Meno ya Lulu

Jumanne, 1 Machi 1955
Nimepaka pilipili na mafuta mazito kwenye ukingo wa mlango wa banda la farasi wetu Lulu, asiume mbao. Bure. Muda si muda akaushika ubao kwa meno ya mbele, akakaza shingo, akavuta hewa kwa ule mlio wake kama mtu anayecheua. Ana mimba ya miezi minane. Hewa ile ikimjaa tumboni itamuua yeye na mtoto.
Nimemtoa kwenda malishoni pamoja na mbuzi. Akiwa nje husahau kabisa. Lakini tangu Hali ya Hatari amri ni moja: saa tisa farasi wote ndani, watu wa msituni wasije wakawachukua. Ndipo alipoanza tabia hii. Mabwana wanasema ni ukaidi. Mimi naona ni kufungiwa.

Alhamisi, 3 Machi
Bwana mwenye shamba anarudi kwao Ulaya. Farasi wote wanauzwa. Jumamosi anakuja memsahibu mmoja kutoka upande wa Timau kumwangalia Lulu.
Nimepewa amri. Nibadilishe ubao ulioumwa. Nimfunge Lulu mkanda wa shingo wa kumzuia asivute hewa, mchana na usiku, niuvue Jumamosi asubuhi. Nikiulizwa, sijui kitu.
Nikaitikia. Nimeandikwa kazi, nikajiambia. Sikujiambia zaidi ya hapo.

Ijumaa, 4 Machi
Mkanda umekazwa. Lulu amesimama kichwa kwenye pembe, hataki nyasi.
Nimepiga randa ubao mpya, nikausugua kwa matope uonekane wa zamani. Kazi nzuri. Naona haya.

Jumamosi, 5 Machi
Memsahibu amekuja na mtunza farasi wake. Mzee Njeru wa Kibugu. Sikujua yuko kwake.
Ndiye aliyenifundisha kazi hii. Nilitoka Meru mjini sijui hata kushika hatamu, na wenzangu wakanicheka, mtoto wa mchinjaji anatafuta nini kwa farasi. Yeye hakucheka. Alinisimamisha ubavuni mwa farasi kwa wiki nzima, nijue kwanza wanavyopumua.
Leo alipapasa miguu ya Lulu, tumbo, kisha akamfungua mdomo. Meno ya juu yamelika ukingoni. Akaniita kando.
"Idi, huyu anauma mbao?"
"Hapana, Mzee. Ni mchanga wa malishoni."
Akanitazama kidogo tu. Akaenda akamwambia memsahibu ni farasi mzuri, amchukue.


Ijumaa, 18 Machi
Dereva wa lori la maziwa kaleta habari. Lulu amelala chini siku nzima kwa maumivu ya tumbo, mpaka daktari wa mifugo akaitwa. Amepona kwa shida. Sasa wamemwona akiuma mbao.
Memsahibu anasema Njeru alikula njama na sisi. Mwisho wa mwezi anamfukuza kazi. Mwembu asiye na mwajiri haruhusiwi kukaa huku. Watamnyang'anya pasi ya kukaa huku, watamrudisha Embu, kwenye vile vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na askari, na huko ataulizwa maswali na watu wasiomjua.
Mimi ni Mwislamu wa mjini. Askari hunipungia mkono tu.

Jumapili, 20 Machi
Nilisema ningekwenda leo kwa memsahibu kusema kweli. Sikwenda. Nimepiga brashi farasi waliokwisha kupigwa brashi.
Mwoga.

Jumatatu, 21 Machi
Nimekwenda. Kwenye kizuizi cha barabarani askari hawakuniuliza hata jina.
Memsahibu alikuwa barazani. Nikasema yote nimesimama: ubao, mkanda, uongo niliomwambia Njeru. Akauliza nani aliamuru. Nikamtaja bwana. Ni kweli, lakini nilimtaja haraka mno, kama mtu anayetua mzigo kwa mwingine. Alikasirika, akaniacha nimesimama muda mrefu. Mwishowe akasema Njeru atabaki, na kwamba bwana wangu atapata barua yake leo hii.
Nikamfuata Njeru bandani. Lulu amekonda, mbavu zinahesabika. Nikamweleza Njeru ninachojua: mkanda unaficha tu, hauponyi. Atolewe mapema, nyasi zisimwishie mbele yake, awe na mwenzake. Alisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mgeni. Nilipomaliza akasema:
"Meno niliyaona, Idi. Nikaamini mdomo wako."
Nikanyoosha mkono. Alikuwa ameshika ndoo mbili za maji. Hakuzitua.

Jumanne, 22 Machi
Nimefukuzwa kabla ya chai. Bwana alisema nimemwaibisha.  
Nimetembea hadi Kiirua, nikapata lori la viazi.

Jumapili, 12 Juni
Meru mjini. Niko buchani kwa baba. Ukungu na baridi, wateja wachache. Nimenoa visu, nimeosha meza.
Yule dereva wa maziwa alipita kununua matumbo. Kasema Lulu amezaa salama, mtoto jike, tayari anakimbia. Lulu mwenyewe bado anauma mbao siku wanazofungiwa mapema. Njeru humtoa kila kunapokucha, na hukaa naye malishoni mpaka saa ya amri.
 Nadhani dereva alingoja niulize kama Njeru kaniletea salamu.
Sikuuliza. Nikampimia matumbo, nikamfungia kwenye jani la mgomba.