HAKUNA MBWA, KARIBU NDANI

Jumatatu, 3 Machi

Hapana, Kioko hayuko. Ameoa, amehamia Eldoret. Ndiyo, mashine bado iko. Ndiyo, mimi pia niko.

Hiyo ndiyo salamu yangu ya asubuhi siku hizi. Watu wanafungua mlango ya karakana, wanauliza Kioko, wananiangalia kama mimi ni stuli. Kioko ni binamu yangu. Tulinunua hii mashine pamoja, ndogo, inakaa juu ya meza, inachonga maandishi kwa mbao. Yeye alikuwa anapanga spidi. Mimi nilikuwa naleta wateja na kuchekesha. Sasa nachekesha mashine. Haicheki.

Leo nimechonga MBWA KALI ingine. Kutoka hapa Parklands mpaka Kitisuru kila geti inataka hiyo. Hata wenye wako na paka tu.

Jumanne, 4 Machi

Mzee Karanja amekuja kutoka Kitisuru na ubao ya mvule. Nzito. Ni ya kichwa ya kitanda. Bibi yake alikufa mwaka jana, kitanda ikamkalia kubwa, ameivunja.

Anataka niandike: HAKUNA MBWA, KARIBU NDANI. Aweke kwa geti.

Nikamwambia, "Mzee, hiyo ni kualika mwizi."

"Mwizi pia anakunywa chai," akasema. "Mbwa alikufa. Kibao yake ikabaki. Tangu matanga hakuna mtu amepiga hiyo kengele."

Nilicheka. Halafu nikaacha.

Ubao ni moja. Nikiiharibu, hakuna duka inauza ingine. Anataka Jumamosi.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia Kioko, nikamwandikia pia kuuliza spidi ya mvule. Hachukui.

Mashine iko na spidi mbili. Ya biti, hiyo chuma inakata, kuzunguka, na ya biti kutembea kwa mbao. Kwa mbao laini nabahatisha na inakubali. Mvule ni ngumu, sijawahi guza. Kwa hivyo kuzunguka nimeweka juu kabisa, ndio ikate safi. Kutembea nimeweka polepole kabisa, ndio isivunjike. Hesabu ya muoga.

Nimejaribu kwa kipande nimekata pembeni ya ubao. Ikanuka moshi. Nikajiambia mvule hunuka hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechoma H.

Herufi ya kwanza kabisa. Mashine ilianza kulia, nyembamba, juu, meno yangu yakauma. Halafu moshi. Nikazima. Biti imebadilika rangi. H ni nyeusi kama sufuria ya githeri.

Nimempigia Kioko tena. Hachukui. Ako na maisha, sawa.

Kwa hekalu ya hapo jirani leo walikuwa na sherehe. Watu wanavua viatu mlangoni, wawili wawili, familia familia. Nilisimama dirishani nikihesabu viatu kama mjinga. Zangu ziko hapa, peke yao.

Sijui nitamwambia nini huyo mzee. Kichwa ya kitanda ya bibi yake.

Ijumaa, 7 Machi

Mzee amekuja bila kuitwa. Nilikuwa nimefunika ubao na gazeti. Akafunua.

Nilingoja matusi. Akavuta kiti ya Kioko, akakaa. "Endelea, nione."

Nikaweka ile kipande ya pembeni. Ikalia vile vile. Akasikiza, akaniambia, "Kijana, mbona unaibembeleza? Hiyo ni mbao, si mgonjwa."

Yeye alifanya kazi benki huko Upper Hill maisha yake yote. Hajui tofauti ya biti na msumari. Alisema tu. Lakini nikaangalia chini. Unga. Laini, ungeweza kupika uji. Na nikakumbuka Kioko. Alikuwa anaokota kile mashine imetoa, anafungua kiganja, anapuliza, ndio anarudi kupanga spidi. Nilidhani ni madoido.

Biti haikuwa inakata. Ilikuwa inasugua. Inazunguka mbio, haiendi mbele, inachoma pale pale. Kile niliogopa, ndio nilikuwa nafanya.

Biti mpya. Kuzunguka nikapunguza nusu. Kutembea nikaongeza mara nne. Kina, milimita moja kila mara inapita. Mkono kwa swichi, roho juu. Sauti ikashuka. Ikawa kama mtu anararua shuka. Na unga ikaisha, ikaanza kutoa vipande kama majani chai.

Nikapiga nduru. Mzee pia akapiga, bila kujua ni ya nini.

Tukarudi kwa ubao. Herufi zote nikazichonga ndani zaidi kuliko tulivyopanga, H pia. Weusi wote ukatoka.

Alipoenda, karakana ikawa kubwa sana.

Jumamosi, 8 Machi

Kibao iko kwa geti. Askari wa nyumba ya pili ameniuliza kama mzee ni mgonjwa.

Jumapili, 16 Machi

Nimeenda Kitisuru na mandazi. Wiki nzima geti ilikuwa wazi. Mgeni ameingia mmoja: mbwa ya jirani. Ako chini ya meza, amekataa kutoka. Kibao sasa inadanganya. Nimesema nitaibadilisha. Mzee amesema niache, mbwa hajui kusoma.

Tulikunywa chai. Kioko alituma ujumbe, anauliza mvule ilikuwaje. Nitamjibu kesho. Nimebeba kiti yake nikaiacha huko kwa veranda, na zile mbili za mzee ziwe tatu.

Sasa wewe mwenye unasoma hii, na najua hauko, wacha tufanye biashara. Jumapili, baada ya kanisa. Mzee anatoa chai. Mandazi ni mimi. Mbwa tayari. Kiti ya tatu nakupea, na bei ni moja tu: kukaa.