Bolti ya Sita

Tarehe 4 Machi

Wifi yangu Spana,

Salamu nyingi, na habari za tangu tuachane. Natumaini mgongo wako umetulia na gereji yako ina wateja. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa mimi: miguu imevimba, moyo unachoka kwa kazi ya kukaa tu kitini, na daktari ameacha kunipangia siku ya kurudi.

Nakuandikia kwa sababu ya pikapu ya marehemu kaka yako. Bado ipo uani. Inakwenda mbele vizuri, lakini ukiiweka rivasi injini inanguruma na gari halitikisiki. Fundi wa giaboksi hana pa kuliweka gari zima; anataka apelekewe giaboksi lenyewe. Kitinda mimba wangu anasema atalishusha hapa hapa nyumbani. "Mama, ni bolti tu," ananiambia. Nikimtazama mikono namwona shangazi yake. Naomba umwelekeze, asije akajiangushia chuma kifuani.

Wifi yako,
Mwalimu


Tarehe 15 Machi

Mwalimu,

Barua imefika. Pole kwa miguu. Mimi mzima.

Mwambie mtoto hivi. Achomoe waya wa betri kwanza. Gari likae juu ya stendi za chuma, si matofali. Tofali hupasuka bila kuaga. Amwage mafuta yote ya giaboksi. Yakitoka meusi na kunuka kuungua, hiyo ndiyo habari yenyewe. Afungue propela, ule mti wa chuma unaokwenda magurudumu ya nyuma, kisha aondoe kile kifuniko kidogo cha chini, mahali injini inapokutana na giaboksi. Ndani ataona bakuli zito la chuma lililofungwa kwa bolti sita. Lile tundu linaonyesha bolti moja tu, kwa hiyo afungue moja, azungushe injini kwa mkono, ije nyingine. Akiwa na haraka akavuta giaboksi kabla ya kuzimaliza, bakuli litabaki kwenye injini na pampu itavunjika.

Bolti hizo ni fupi, zina kipimo chake. Ya dukani ikizidi kidogo tu, ukiikaza inatoboa bakuli. Kwa hiyo azihesabu. Najua kwenu husemwa ni mimi ninayezipoteza.

Shangazi wa mwanao


Tarehe 22 Machi

Wifi,

Hujambo? Asante kwa maelekezo. Kitinda ameyabandika jikoni, juu ya jiko, na sasa yana masizi. Mimi leo nimeweza kushika kalamu, basi acha niseme kabla haijawa nzito. Namba yako ya simu binti yangu huyu anayo, ila haya mdomo wangu hauyawezi.

Bolti ile hukuipoteza. Niliichukua mimi.

Kumbuka msimu ule giaboksi lilipokufa mara ya kwanza. Tangu tuoane kaka yako alikuwa mtu wa barabarani na mizigo ya watu. Nguo zake nilizijua kuliko nilivyomjua yeye. Ghafla akawa nyumbani, nawe ukaja kumsaidia, ukalala chumba cha mbele. Mimi nilikaa dirishani nasahihisha madaftari, na uvunguni mwa gari naona jozi mbili za miguu tu.

"Spana ya kumi na saba!" anaita.

"Ndiyo hiyo nimekupa."

"Hii kumi na tano, wewe kipofu?"

"Basi ipige nyundo, itakuwa kumi na saba!"

Mlicheka mpaka gari likatikisika. Yale mafuta mekundu ya giaboksi yalifika kwenye mlango, kwenye taulo, hadi kwenye sukari. Nililalamika kila siku, na sijapata kuwa na furaha kama ile, kabla wala baada. Ulikuwa ukiingia jikoni unakunywa chai kwenye kikombe changu, bila hodi. "Mwalimu, mpe maksi kaka yangu," unasema. "Sufuri," nasema mimi. "Hata ya usafi?" "Hiyo ndiyo sufuri yenyewe."

Siku mliposema kesho giaboksi linapanda, nikaona nyumba inarudi kuwa ya saa ya ukutani na mimi. Yeye ataondoka na pikapu, wewe utaondoka na begi lako. Mlipokwenda kunawa nikachukua bolti moja kwenye sahani mlimoziweka nikaitia kwenye mkebe wa chaki. Nilitaka siku mbili tatu tu za nyongeza.

Sikujua atakugeukia vile. Alipokuambia kichwa chako kimetoboka, kwamba mwanamke na gereji havipatani, nilikuwa nimesimama mlangoni na mkebe mkononi. Nikanyamaza. Ulipofunga begi nikanyamaza. Siku ya pili nikajifanya nimeiokota nikifagia. "Si nilisema?" akasema. Amekufa akiamini hivyo, nawe ukaja mazikoni ukakaa na majirani.

Nilitaka ubaki, nikakufukuza. Sina kisingizio. Nataka kukuona kabla sijaondoka.

Wifi yako,
Mwalimu


Tarehe 19 Aprili

Mwalimu,

Natumaini unapata usingizi. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua nyingine zote nilizoanza kukuandikia nimezichana.

Unajua nilikokwenda nilipotoka kwenu? Kuuza vitambaa. Mimi! Napima mita, nakata, natabasamu. Kama ndugu yangu wa tumbo moja haiamini mikono yangu, mteja ataiaminije? Nilipoirudia kazi yangu nilikuwa nimeanza kuota mvi. Mpaka leo nikifungua injini nahesabu bolti, nazihesabu tena, na wateja wananiuliza kama nasali.

Ila si bolti inayoniuma. Siku ile nilikutazama pale mlangoni. Kaka yangu nilimjua, hasira zake ni za moto wa karatasi. Nilikuwa nangoja neno lako wewe. Lingekuwa lolote ningebaki.

Kusamehe kwa barua sijui. Mwanao amekua akisikia kwamba shangazi yake ni mpotezaji. Mwambie. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, pamoja na mkebe wa chaki, kwa mdomo huo unaosema hauyawezi. Usipofanya hivyo, usiniandikie tena.

Shangazi wa mwanao


Tarehe 27 Aprili

Wifi,

Salamu, na unisamehe mwandiko. Mkono umeanza kwenda unakotaka.

Nimemwambia. Niliogopa, wifi, kuliko ninavyoogopa kufa. Kwa mtoto huyu mimi ndiye mama asiyekosea, na siku za kumzoesha mama wa namna nyingine sina.

Alikuwa uvunguni. Bolti zote ameshafungua, giaboksi limekaa juu ya jeki ya jirani, kilichobaki ni kulivuta. Nikaburuza kiti mpaka uani, nikaiambia ile miguu yake miwili kila kitu. Nilipofika kwenye mkebe, miguu ikaanza kusogea. Akatoka, uso una mafuta, akanitazama kama anayesoma kibao cha mji asioujua.

"Baba kule hospitali alikuwa ananiita Spana," akasema. "Ukienda kula, ananishika mkono. 'Spana, umekuja?' Nikadhani ni homa, nikamwambia, mimi Kitinda, baba."

Sikulijua hilo. Nimelala nalo tangu juzi.

Hanisemeshi, ila chai ananiletea. Giaboksi amelirudishia bolti chache za pembeni lisianguke, na anasema halishushi mpaka shangazi yake aje. Alipopita na sahani yake ya bolti akanionya, "Na wewe, mama, kaa mbali na hii." Karibu nicheke. Na yeye karibu acheke, nilimwona.

Sikuombi tena kitu. Nakupa habari tu.

Wifi yako,
Mwalimu


Tarehe 2 Mei

Mwalimu,

Basi langu ni la kesho. Barua hii nimempa dereva wa leo akutangulizie.

Mwambie mtoto asiondoe jeki hata kidogo, na injini nayo aiwekee gogo chini, maana giaboksi likitoka inalala nyuma. Nakuja na jeki yangu, ya jirani airudishe. Chumba cha mbele kifagiliwe, lakini usifagie wewe.

Hasira ninayo bado, na ni ndefu, haienei kwenye karatasi. Kwa hiyo usife. Ukifa nitamgombeza nani?

Wifi yako,
Spana