Okidi ya Baba Mkwe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ni matumaini yangu barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Sisi huku hatujambo, mkweo anakusalimu sana, na mimi leo nimeamka mwepesi, sijui nikueleze vipi. Acha nianze mwanzo.

Baba mkwe unamjua: fundi saa mstaafu, mjane, maneno machache lakini kila moja lina ncha. Tangu niolewe nilikuwa nahangaika nimpendezeje. Basi siku moja amejipumzisha chumbani, nikasema ngoja nisafishe ua. Kwenye shina la mparachichi nikakuta kitu cha kijivu kimeng'ang'ania gome, mizizi mitupu, jani hata la dawa hakuna. Nikajua mti unaumwa. Nikachukua kisu na brashi, nikakwangua mpaka shina likang'aa, nikajipongeza mwenyewe.

Mkweo aliporudi kazini akashika kichwa. Kumbe ile ni okidi, ua la mwituni linaloota juu ya miti! Marehemu mama mkwe aliiokota msituni kwenye tawi lililoanguka, na mzee anaitunza kama mboni ya jicho lake. Haina majani kabisa; mizizi hiyo hiyo ndiyo inayoilisha. Nikakimbilia jalalani, nikaokota vipande, nikavifukia kwenye kopo la samadi kama vile napanda mchicha, nikavimwagia maji tele, kopo nikalificha nyuma ya tangi. Kila nikichungulia, vinazidi kulegea na kunuka. Na mzee kimya. Anakula, anashukuru, anainuka. Bora angenifokea nikajua moja.

Jana asubuhi, mkweo ameshaondoka, nikasikia naitwa uani. Namkuta mzee ameketi, kopo liko mapajani mwake. Nikasema leo ndiyo leo. Akaniuliza kama mimi mwenyewe ningependa kulala nimezikwa. Sikujua nicheke au nikimbie. Akaanza kuchomoa vipande kwa kile kibanio chake cha saa, vilivyooza akavitupa, mpaka akapata kimoja kigumu, chenye ncha ya kijani. Akanieleza kwamba mmea huu hautaki udongo wala mbolea. Unataka gome la kushika, kivuli chepesi na upepo. Asubuhi unaunyunyizia maji, mizizi ikitoka kwenye kijivu ikawa kijani ujue imekunywa, kisha unauacha ukauke kwanza. Maji ya kuzidi ndiyo yanayouua. Halafu akaniagiza kitambaa laini kinachovutika, maana waya ungeukata.

Sasa hapa, Mama, naomba usikasirike. Nilikuwa na soksi ndefu ya zamani, na ilikuwa ndani ya begi, na begi lilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nilishalifunga. Nilikuwa nije kwako jana hiyo hiyo, bila kumuaga mkweo wala mtu yeyote, kwa sababu niliona siku yoyote nitafukuzwa na aibu hiyo nisingeiweza. Kwa kiherehere changu nikalifungua hapo hapo, mlango wazi, na mzee akaona nguo zote zimekunjwa.

Akakata soksi, tukakifunga kile kipande kwenye shina, mimi nimeshika, yeye anapiga fundo. Huku ameinamia fundo lake akaniambia kwamba siku ile aliniona dirishani nikikwangua, tangu mwanzo mpaka mwisho. Alinyamaza kwa sababu aliogopa. Mke wa shemeji yangu mkubwa aliondoka hapa na watoto kwa sababu ya ulimi wa mzee, na wajukuu hao hajawaona tena. Akasema okidi aliipenda, lakini ulimi wake akiufungulia mlango, atabaki nyumba tupu. Nililia, Mama, wala sikuona haya.

Leo tumeinyunyizia pamoja, ikageuka kijani tukiitazama. Mzee anasema huenda ikakawia sana kuchanua, na mimi nimemwambia nipo.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na ulitunze goti. Naikatisha hapa, maana mzee amenituma nikatundike nguo zangu kabatini. Anasema zikikaa begini zitashika ukungu.

Mwanao akupendaye,
Kitindamimba wako